Fulana ya Kulimia na Fulana ya Misa

Maparachichi aliyotugawia yalikuwa yetu. Nimejaribu kuanza kwingine nikafuta, basi naanza hapo.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumerudi kilimani kwetu Butihinda, ng'ambo ya mpaka, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Wazazi walikimbia wakiwa vijana na mimi nilizaliwa huko, kwa hiyo kwangu kurudi lilikuwa neno la watu wazima tu. Tulikuwa tunafunga turubai kwenye ukingo wa shamba la babu, maana ndani ya nyumba ya babu alikuwa anaishi mtu. Mtu huyo akashuka na kikapu cha maparachichi kutoka kwenye mti ambao babu aliupanda kwa mkono wake. Akamkabidhi mama. Mama akapokea kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu. Mtu yule hakuondoka. Alisimama, akatabasamu, akasubiri.

"Murakoze," mama akasema, asante ya Kirundi.

Hapo ndipo alipogeuka kwenda zake. Tulipoyapasua tukakuta yamepondeka upande mmoja, yale yaliyoanguka yenyewe. Yaliyochumwa aliyapeleka Kobero kuwauzia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka.

Nitamwita Jirani. Sisi wenyewe tulimwita hivyo, na kila mara baba alipolitamka neno hilo alikuwa kama anatema kokwa. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sitaandika, kwa sababu kwetu watu wakianza kuulizana hayo mazungumzo hayaishi vizuri. Inatosha kusema kwamba wakati wa vita naye alikimbia kwao, akaambiwa kuna nyumba tupu Butihinda, akaingia. Kama angeishia hapo ningeweza kumwelewa. Mtu akinyeshewa huingia anapopaona. Lakini mvua ilikwisha na yeye hakutoka.

Alikuwa mrefu, mabega yameinama kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi. Alikuwa na kofia ya pama aliyoivua kwa kila mwanamke, hata kwa mama yangu, na sauti ya chini iliyokulazimisha usogee karibu ili umsikie. Mlangoni, mlangoni kwetu, aliweka benchi la mbao lililotazama pande mbili: upande mmoja njia ya kanisani, upande wa pili bonde tunakolima maharage. Kila siku alikaa pale. Mimi nilidhani ni mvivu. Kumbe alikuwa kazini.

Kilima kizima kilijua kwamba Jirani anatabiri rais. Hakupiga ramli, wala hakudai ameota. Alikwenda misa kama watu wote na waganga aliwacheka. Lakini uchaguzi ukikaribia, watu walipanda hadi kwenye benchi lile wakijifanya wanaomba moto au jembe, kisha wakauliza. Alisemekana hajawahi kukosea. Redio ilikuwa na wataalamu wake, sisi tulikuwa na Jirani, na tofauti yao, alisema baba kwa uchungu, ni kwamba wataalamu wa redio hawalali kwenye nyumba ya baba yake.

Maana utabiri ule ndio uliomweka ndani ya nyumba. Alipojua nani atashinda, alimfungulia ua mapema, kabla ya watu wengine kuchangamka. Mikutano ya kampeni ilifanyika kwetu, chini ya mti wetu, kwa pombe ya ndizi iliyotoka kwenye migomba yetu. Mshindi akishashinda, wakubwa wa kilima walikumbuka nani alikuwa wa kwanza kuwakaribisha. Sisi tulipopeleka kesi yetu kwa wazee wa kilima, mkuu wa kilima alisema kwa upole, "Mambo ya ardhi yanataka utulivu. Tungoje uchaguzi upite." Hakuna mtu pale ambaye hakujua nyumba ni ya nani. Mzee mmoja alikuwa amesaidia kuiezeka. Ukweli walikuwa nao wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuutamka mbele ya Jirani.

Kwa hiyo nilimchukia. Nilimchukia kimyakimya, maana mimi ni mtu wa kimya. Shuleni Gitega, kule Mushasha, ninakosomea na kukaa kwa shangazi anayewapikia mapadri, wenzangu waliniita Mtanzania kwa sababu ya Kiswahili changu na Kirundi changu cha kusitasita, na mimi nilijifunza kutofungua mdomo. Likizoni nilirudi Butihinda na mdomo uleule uliofungwa. Jirani aliupenda mdomo huo.

"Huyu mutoto hasemaka," alimwambia mama siku moja. Sisi alitusemesha Kiswahili, kile cha sokoni, hata baba alipomjibu Kirundi safi. Ilikuwa namna yake ya kutukumbusha tulikotoka. "Mi napenda mutu asiyesemaka. Kesho niko naenda Muyinga kuuza. Munipe huyu anisaidie kubeba."

Mama alinitazama. Chumvi ilikuwa imekwisha, na kumkatalia mtu anayekaa kwenye nyumba yako si jambo jepesi kama linavyosikika. Nikaenda.

Njia nzima alitembea mbele akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, mimi nyuma na kikapu kichwani. Ilikuwa wakati wa kampeni. Wagombea wawili walikuwa wamegawa fulana: yule aliyekuwa na serikali nyuma yake aligawa za zambarau, mpinzani wake za manjano. Kila nyumba ilipokea zote mbili. Nani atakataa nguo? Mjini Muyinga, baada ya kuuza, hakwenda kwenye pombe kama nilivyotarajia. Alinipeleka kwa fundi cherehani, mzee wa Kiislamu mwenye kibanda karibu na msikiti. Wakasalimiana kama watu waliofanya biashara miaka mingi.

"Wanakuletea fulana gani kupunguza?" Jirani akauliza.

"Bado ni zambarau zaidi," fundi akasema, pini mdomoni. "Jana moja ya manjano, lakini ya mtu mwembamba sana. Huyo alikuwa hana namna."

Wakacheka. Mimi sikuelewa. Tulipokuwa tunarudi alinieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga mbuzi.

"We angalia. Mutu ukimuuliza nani atashinda, anakudanganya. Anaogopa. Mi siangaliaka midomo, naangaliaka nguo. Mutu iko na fulana mbili. Moja analimia, inaisha kwa matope. Ingine anaihurumia, anaifua, anaileta kwa fundi, anaenda nayo misa. Ile anaihurumia, ndiyo anajua atakaa nayo miaka mingi. Kwa roho yake anajua. Bon. Hesabu zangu ni hizo tu."

"Na watu wote wanafanya hivyo?" nikauliza. Nadhani ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza.

"Sana sana nyinyi ya kambi. Mulikosa nguo, mulikosa chakula. Mutu ya kambi haharibu kitambaa kwa mutu ya kushindwa. Wengine wanaweza kujikosea. Nyinyi, jamais, hata kidogo. Mi nyinyi ndio naangaliaka wa kwanza." Akasimama, akafuta jasho. "Nimekuambia juu ya kuwa husemaki."

Nikamwambia asante. Yeye ndiye aliyetuzoeza kusema asante.

Naandika pia mambo ambayo baba hapendi niyaandike. Bibi, mama yake mama, alipozidiwa kifua, alibebwa kwenye machela ya mianzi hadi zahanati, maana kilima chetu hakina gari. Wanaume wa kilima hupokezana mabegani, na kila mtu anajua kwamba mti wa mbele upande wa mtelemko ndio mzito. Jirani aliushika ule na hakupokewa njia nzima. Baba alikuwa ameshika mti wa mbele wa upande wa pili, bega kwa bega naye, na hawakusemezana hata neno. Bibi alipona. Baba hakulala siku mbili kwa hasira, akisema afadhali angekataa kubeba, mtu ungejua umchukie vipi.

Na kuna hili la hodi. Jirani alikuwa habebi ufunguo, mlango hakuufunga kamwe. Lakini kabla ya kuingia alibisha. Mkewe alikuwa ameshafariki, binti yake ameolewa mbali huko Ryansoro, nyumba haina mtu, naye anatoka shambani peke yake na jembe begani, anasimama, anagonga kwa kifundo cha kidole, "hodi," anangoja kidogo, ndipo anaingia. Nilimwona mara nyingi kutoka kwenye turubai letu. Mwanzoni nilidhani ni uchawi. Baadaye nikaelewa kwamba ni mtu anayejua vizuri sana kuwa nyumba si yake, na bado anaingia. Hapo ndipo chuki yangu ilipokomaa. Asiyejua ungeweza kumfundisha. Huyu alijua.

Misemo yake ilikuwa mingi. "Kura ni siku moja, nguo ni kila siku." "Anayepiga kelele kwenye mkutano ameshalipwa, mtazame anayefua." Na ule wa kumwambia baba kila walipokutana njiani: "Vumilia, jirani, dunia iko kubwa." Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye sehemu yetu yote ya dunia.

Jioni ya siku ile ya Muyinga nilimsaidia mama kuchambua maharage. Nilimweleza alichonifundisha. Mama akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Sisi ndio anaotuangalia wa kwanza?"

"Ndivyo alivyosema. Watu wa kambi hawakosei."

"Na akishajua, anamfungulia mtu ua."

"Ndiyo."

"Akimfungulia atakayeshindwa?"

Nilichukua fulana ya manjano iliyokuwa imekunjwa chini ya mkeka, nikaiweka juu ya kamba ya nguo, upande unaoonekana kutoka kwenye benchi. Ile ya zambarau, ambayo mama alikuwa ameifua kwa ajili ya Jumapili, nikaitandika juu ya jembe.

Mama alicheka hadi akajifuta machozi. "Huyu mtoto! Mnasema hasemi."

Wanawake waliorudi kutoka kambini walikuwa wengi upande wa chini wa kilima, na walijuana tangu kwenye foleni za maji. Hawakuhitaji mkutano. Mama aliongea nao wakichota, neno moja hapa, moja pale, na kila mmoja alikuwa na jirani wake wa aina hiyo au alikuwa na dada aliye naye. Jumatatu bonde lote la maharage lilikuwa zambarau. Uso wa mgombea ulikuwa umeinama kwenye matope pamoja na migongo yao. Na bonde hilo halionekani kutoka barabarani anakopita mkuu wa kilima. Linaonekana kutoka kwenye benchi tu.

Jumapili wakapanda kwenda misa na manjano, zimefuliwa, zimenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Ya kwake mama alikuwa ameipeleka Muyinga kwa yule fundi apunguze kiuno, akamlipa kwa maharage.

Hapo nilishikwa na hofu, nakiri. Mkuu wa kilima alituona mlangoni mwa kanisa, akamsogelea mama.

"Mama, zile zambarau tuliwapa mumezipeleka wapi?"

"Tumezifua, mkuu," mama akasema, macho chini. "Hazijakauka. Mvua hii."

Jumapili iliyofuata: "Bado hazijakauka?"

"Mkuu, huoni mawingu?"

Kulikuwa na jua la kuchoma kisogo. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu alikohoa kwenye kanga yake. Mkuu alitutazama kwa muda, akatazama jua, akaenda zake. Sijui alielewa nini. Labda alidhani tumechanganyikiwa na kambi.

Jirani alikuwa kwenye benchi lake. Nilimtazama akitutazama. Siku za kwanza alikunja uso. Kisha akashuka hadi bondeni akijifanya anatafuta kuni, akaona zambarau zimeloa. Kisha akaenda Muyinga peke yake, bila mbeba kikapu, na aliporudi alikuwa anatembea haraka kama mtu aliyechelewa. Wiki hiyohiyo alifagia ua wote na kuchuja pombe. Watu wa manjano wakaja na vipaza sauti, wakafanya mkutano wao chini ya mparachichi wa babu. Jirani alivaa fulana ya manjano, akasimama katikati, akasema mbele ya kilima chote kwamba yeye hajawahi kukosea.

Baba alitaka kwenda kumpiga mawe. Mama akamshika shati. "Mwache aseme tena. Aseme kwa sauti."

Kura zikapigwa. Kila mtu aliingia peke yake, na mama hakuwahi kuniambia alimpigia nani, wala sikuuliza. Matokeo yalitangazwa redioni tukiwa tunakoboa mahindi. Zambarau. Baba alizima redio ili atusikilizishe kimya kilichotoka kule juu.

Wazee wa kilima walikaa baada ya hapo, uchaguzi ukiwa umepita kama walivyoahidi. Baba alileta mtungi wa pombe, kama desturi inavyotaka. Mtungi ni mmoja na mrija hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, hata kwa yule unayeshtakiana naye, maana mtu akinyimwa mrija ni kama ameshahukumiwa. Zamani mrija ulipomfikia Jirani wazee walimtania na kucheka. Safari hii mkuu wa kilima alikunywa, akafuta mdomo, akaupeleka mrija kushoto badala ya kulia. Ukazunguka upande ule, ukarudi kwake. Haukumfikia Jirani. Alikuwa ameshaunyoosha mkono wake. Aliukunja polepole, akauweka gotini, akauangalia kama wa mtu mwingine.

Yule mzee aliyeezeka akasema, "Nyumba hii niliiezeka mimi. Ni ya baba yake huyu." Alionyesha kwa fimbo kutoka mlangoni hadi ua wa minyaa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maharage.

Ninajua wanavyosema wengine, kwamba haki iliyopatikana hivyo ina kasoro. Wanaosema hivyo hawajawahi kushukuru kwa parachichi lao.

Siku ya kutoka, Jirani alihamisha vitu vyake mwenyewe. Kwa binti yake, Ryansoro, ndiko alikokuwa anakwenda. Sisi tulikuwa tumeshaingia, mama yuko ndani anafagia. Kilikuwa kimebaki kitanda. Jirani akaja hadi mlangoni uliokuwa wazi, akasimama, akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

"Karibu," mama akajibu kutoka ndani.

Alishtuka. Niliona mabega yakiruka. Nadhani katika miaka yote ile mlango ulikuwa haujamjibu. Alichukua kitanda, akakiinamisha kipite, akavua kofia, akatoka.

Nilidhani sitamwona tena. Lakini Jumapili moja ya muhula uliofuata, nikitoka misa Mushasha na sare yangu na mfuko begani, nikamwona ameegemea ukuta wa kanisa, upande wa jua. Ryansoro si mbali na Gitega kwa mtu anayejua kutembea. Alikuwa amekonda. Amevaa fulana ya manjano. Imefuliwa, imenyooshwa, mstari wa pasi unaonekana mikononi. Watu waliokuwa wanapita waliitazama na kuangalia pembeni. Siku hizo manjano ungeiona mashambani tu.

Ningeweza kupita. Aliniita.

"We mutoto wa Butihinda. Kuja, sha."

Nikasogea. Sauti yake ilikuwa bado ya chini.

"Nakuja hapa kuangalia nguo za watu," akasema. "Huku ziko nyingi. Sasa mi siamini tena kitu naona." "Niambie tu. Ile ya bondeni. Nani aliwatuma wale mama? Ni baba yako?"

Shuleni hata nikiulizwa jina langu nililitaja kwa shida.

"Ni mimi," nikasema.

Hakukasirika, na hilo liliniudhi kidogo.

"Juu ya nini? Mi nilikufundisha. Nilikupenda kama mutoto wangu."

"Kwa sababu ulisubiri," nikasema. "Siku ile ya kikapu. Ulisimama mpaka mama akushukuru."

Nadhani hakukumbuka. Alikunja uso akitafuta, hakupata. Basi akauliza kingine, kwa aibu kama mgeni: "Ule mti, umezaa?"

Mama alikuwa amenitumia maparachichi kwa watu wanaokuja Gitega, na nilikuwa nayo kwenye mfuko, nampelekea shangazi. Nikafungua. Yalikuwa mazuri, yamechumwa kwa mkono, ngozi inang'aa. Moja tu lilikuwa limegongwa njiani, upande umelegea na kuwa mweusi. Nililitafuta kwa vidole hadi nikalipata chini kabisa.

Nikampa hilo.

Alilipokea kwa mikono miwili. Aligeuza kiganja, akaona upande uliopondeka, akaninyanyulia macho. Hapo, naapa, alikumbuka.

Sikuondoka. Nilisimama, nikatabasamu kama alivyotufundisha, nikasubiri. Watu walikuwa wanatupita wakitoka misa.

"Murakoze," akasema.

Nikageuka nikaenda kwa shangazi. Aliniuliza mbona ninachekacheka peke yangu, nikamwambia padri alihubiri vizuri. Nilikula sahani mbili.